Kabla ya Kukitupa Kikokotoo

Kikokotoo cha mkononi kikigoma kuwaka, au kikitoa jibu lisilopatana na hesabu, si vema kukihukumu upesi kuwa kimeharibika. Mara nyingi chanzo ni mojawapo ya mambo mawili: uchafu katika njia ya umeme, au agizo la zamani lililosalia ndani yake.

Betri za alkali zikiachwa muda mrefu huweza kuvuja haidroksidi ya potasiamu. Kemikali hiyo huunguza ngozi. Tena, ikikutana na kabonidayoksaidi ya hewani, hufanya ukoko mweupe unaozuia mkondo wa umeme. Mikono ikiwa imekingwa, betri hutolewa. Kisha ukoko husuguliwa taratibu kwa pamba iliyochovywa katika siki kidogo, kwani asidi ya siki huvunja nguvu ya alkali. Hatimaye mahali hapo hupanguswa kwa spiriti na kuachwa pakauke kabisa.

Hitilafu ya pili haionekani kwa macho. Sini ya nyuzi 30 ni 0.5, lakini kikokotoo kilichoachwa katika kipimo cha radiani huonyesha -0.988. Mtahiniwa asiyelitambua jambo hili hupoteza alama, ilhali kanuni anaifahamu barabara. Dawa yake ni kukirejesha kifaa katika hali ya awali, kwa kitufe maalumu au kwa mfuatano wa vitufe ulioelezwa katika kijitabu chake. Tarakimu zilizohifadhiwa hufutika pia. Hivyo zinakiliwe kwanza.

Mwisho, sini ya 30 ijaribiwe. Isipotokea 0.5, kipimo cha nyuzi kichaguliwe kabla ya hesabu yoyote.