Programu ya zamani ndani ya kompyuta mpya

Msikilizaji, chukua ofisi yenye programu ya hesabu iliyoandikwa zamani kwa mfumo wa Linux. Mwandishi wake hapatikani tena, na hesabu za miaka kumi zimo humo. Kompyuta mpya inanunuliwa, kisha fundi anatamka: programu hii ni ya biti 32, mashine ni ya biti 64. Je, itupwe?

Hapana. Programu ya biti 32 inaweza kutaja anwani 4,294,967,296 tu za kumbukumbu, yaani gigabaiti 4. Mwaka 2003 kampuni ya AMD ya Marekani ilileta prosesa za biti 64 zilizovuka mpaka huo bila kuiacha lugha ya zamani. Prosesa hiyo huelewa zote mbili. Kwa hiyo tatizo haliko kwenye chuma, liko stoo.

Nasema stoo kwa sababu programu haijitegemei. Huazima kazi kutoka kwenye mafaili ya pamoja, ambayo mafundi huyaita maktaba: hii ya kuchora herufi, ile ya sauti. Programu ya biti 32 hutaka maktaba za biti 32. Sasa yule mtunza stoo, yaani programu inayopokea, kupanga na kuondoa programu nyingine, alizoea kuweka maktaba zote mahali pamoja. Zikija mbili zenye jina moja, moja ingeifuta nyingine.

Tazama Debian, mfumo wa bure wa Linux ulioanzishwa mwaka 1993. Kwa miaka mingi wenyewe walilikwepa jambo hili kwa kurundika maktaba za biti 32 katika furushi moja kubwa, ia32-libs. Lilikuwa gunia hasa! Maktaba moja ikizibwa tundu la usalama, gunia zima lilipaswa kufungwa upya, na marekebisho yakachelewa.

Dawa ilienea na Debian 7, Mei 2013. Kila aina ya prosesa ilipewa rafu yake yenye jina lake, na mtunza stoo, dpkg, akafundishwa kuuliza: kifurushi hiki ni cha lugha gani, na nani anakihitaji? Mwenye mashine humwamuru kwanza aikubali aina ya pili. Sharti ni moja, nalo ni kali: maktaba ileile katika rafu zote mbili lazima iwe ya toleo lilelile, maana kuna mafaili wanayoshirikiana. Moja ikichelewa kufika, nyingine husubiri. Watumiaji hulalamika, mimi naona ni afadhali kusubiri kuliko kuvurugikiwa.

Mwaka 2019 wenye Ubuntu walitangaza kuziacha maktaba za biti 32. Wapenzi wa michezo ya kompyuta walipiga kelele, na baada ya siku chache baadhi zikabakizwa. Debian 13, ya Agosti 2025, haifungwi tena kwenye kompyuta za kawaida za biti 32. Rafu hiyo imebaki kwa ajili ya programu za zamani tu.

Na kwa kuwa ni za zamani, saa yao haikubadilishwa, isije ikaziharibu. Saa hiyo ya biti 32 itafikia mwisho wa hesabu yake tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Ofisi yetu ina muda hadi hapo wa kuhamisha vitabu vyake.