Kodi ya Pedi Iliondoka, Bei Ikabaki

Juni 2018 Bunge letu la Tanzania lilipitisha bajeti iliyosamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, kwenye taulo za kike. Kodi hiyo ilikuwa asilimia 18. Upendo Peneza, wakati huo mbunge wa viti maalum, alikuwa miongoni mwa walioling'ang'ania suala la pedi Bungeni, na siku msamaha ulipopita tulipigiana simu kwa furaha kama watu wa nyumba iliyopata mtoto. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2019, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, aliliambia Bunge kwamba bei kwa mtumiaji haikushuka, akapendekeza kodi irudishwe. Ikarudi.

Natayarisha kipindi cha wanawake katika redio moja ya jamii mkoani Morogoro. Kati ya Juni hizo mbili wasikilizaji walikuwa wakinipigia na swali lile lile: tuliambiwa pedi zitashuka bei, mbona hazishuki? Jibu halikuwa Dodoma, lilikuwa sokoni. Nikabeba kinasa sauti nikaenda kwa mama mmoja mwenye duka la jumla. Maboksi ya pedi yalipangwa hadi karibu na dari, na chini ya kaunta kulikuwa na bunda la risiti. Akachomoa moja, akaweka kidole penye mstari wa VAT.

"Dada yangu, mzigo huu nimeununua na kodi yake ndani. Nikishusha leo, hasara ananilipa nani?"

Nikamuuliza, na mzigo mpya je?

"Mpya umekuja bei ile ile. Kamuulize aliyeniuzia."

Nikaenda kumuuliza, na huko ndiko nilikoelewa jambo ambalo ningependa kila mwanamke anayenunua pedi alielewe. Kusamehewa VAT si sawa na kutozwa VAT ya asilimia sifuri. Mwenye kiwanda hununua malighafi, vifungashio na huduma kadha wa kadha, na kote huko analipa VAT. Kwa kawaida kodi aliyolipa kwenye manunuzi huikata kwenye kodi anayokusanya kwa wateja, kisha hupeleka Mamlaka ya Mapato, TRA, kinachobaki. Bidhaa yake ikisamehewa, hakusanyi kodi kwa mteja, basi hana pa kuikata ile aliyokwisha kulipa. Anaimeza, au anaipachika kwenye bei. Kama pedi zingewekwa kwenye kiwango cha sifuri, angekuwa na haki ya kudai arejeshewe.

Halafu ipo hesabu ya duka la mtaani. Pakiti ya shilingi 2,000 ikivuliwa VAT yote inafika kama shilingi 1,700. Lakini VAT yote haikuvuliwa, na bei za rejareja mtaani hupenda kwenda kwa mia tano mia tano. Nafuu ya shilingi mia au mia na hamsini huyeyuka njiani, kati ya ghala, gari na duka, kabla ya kumfikia binti aliyeshika noti yake dirishani.

Kwa hiyo waziri hakukosea aliposema bei haikushuka. Ninachokipinga ni dawa iliyochaguliwa. Kama nafuu ilikwama kwa wafanyabiashara, ilipaswa kufuatwa huko ilikokwama, au msamaha ugeuzwe kuwa kiwango cha sifuri. Badala yake mnunuzi, ambaye hakuwa amepata chochote, ndiye aliyerudishiwa mzigo.

Hapa nasema na wenzangu wa habari. Taarifa nyingi nilizozisoma na kuzisikiliza mwaka 2018 ziliishia kwenye makofi ya Bungeni. Kodi ya mafuta ikibadilika, waandishi wa uchumi huenda kituoni kuangalia pampu. Kodi ya pedi ilipobadilika, habari ilipelekwa kona ya wanawake, pamoja na mapishi na malezi, mahali ambapo kwa kawaida hatumwiti mtaalamu wa kodi. Mradi mkubwa wa kupima nani anaonekana katika habari duniani, unaorudiwa kila baada ya miaka mitano, ulikuta mwaka 1995 kwamba wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu wanaotajwa au kusikika kwenye habari. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 25. Ukikosa sauti ya mwenye mwili, unabaki na sauti ya mwenye kibali cha kuuzungumzia. Wanawake walioanzisha Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, TAMWA, mwaka 1987 waliliona hilo mapema. Walitoa jarida lao wenyewe, Sauti ya Siti, lililobeba jina la mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, na walipiga kelele hadi ukatili dhidi ya wanawake ukawa habari ya ukurasa wa mbele na, mwaka 1998, ukatungiwa sheria ya makosa ya kujamiiana. Naidai hedhi uzito huo huo.

Nadai kwa sababu nayajua yanayofuata pedi ikikosekana. Msichana hutumia kitambaa. Kitambaa chenyewe si kibaya: kikifuliwa kwa sabuni na maji safi, kikaanikwa juani hadi kikauke kabisa, kinafaa. Ila kamba ya nguo iko uani, mbele ya baba na kaka. Basi kinaanikwa chini ya godoro, kinavaliwa na unyevu wake, na muwasho unaanza. Shuleni choo hakina maji, pengine hata mlango. Saa nne asubuhi binti amejifunga sweta kiunoni na jua linawaka, anaomba ruhusa kwa mwalimu kwamba tumbo linamuuma.

Na wanaoteseka si mabinti peke yao. Jioni moja mama mmoja alipiga simu studio akasema damu humtoka siku kumi kila mwezi, na kwamba kwao wanawake wote ndivyo walivyo. Mkunga tuliyekuwa naye akamuuliza, "Mama, pedi moja inakaa muda gani?" Akajibu kuwa haimalizi saa. Mkunga akamwambia kesho asubuhi aende hospitali, asisubiri mwezi mwingine. Ushauri ule nitaurudia hapa: damu ikizidi siku saba, pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja au mbili kwa saa kadhaa mfululizo, au mabonge makubwa yakitoka, hiyo si hali ya kuvumilia. Huenda ni uvimbe kwenye kizazi, au homoni zimevurugika, na damu inayopotea kila mwezi hukausha madini chuma mwilini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Hedhi nzito ni sababu mojawapo, na ndiyo tunayoitaja kwa nadra kuliko zote.

Tukirudi kwenye kodi, jirani zetu wa Kenya waliondoa VAT kwenye pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 wakatunga sheria inayoitaka serikali iwape pedi bure wasichana wa shule za umma waliobalehe. Hata hivyo, Februari 2023, Seneta Gloria Orwoba alipoingia Seneti na suti nyeupe yenye doa jekundu, aliambiwa atoke akabadilishe nguo. Sheria ilikuwepo, wanawake walikuwemo ukumbini, na bado doa lilionekana kuwa kosa. Nafasi za wanawake kwenye Bunge ni muhimu, nami nazipigania. Kwetu Katiba inataka wabunge wa viti maalum wasipungue asilimia 30. Lakini hoja ikishapita, mbunge peke yake hawezi kuilinda bila mtu wa kuifuata hadi rafuni.

Kodi iliporudi mwaka 2019, serikali iliahidi jambo jingine: kodi ya mapato ya kampuni kushushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, kwa miaka miwili, kwa wawekezaji wapya wa kutengeneza taulo za kike. Muda huo ulikwisha mwaka 2021. Viwanda vingapi vilisimama kwa punguzo lile, viko wapi, na pakiti yao inauzwaje Kilosa na Ifakara? Nimeliandika swali hilo na kulipeleka kwenye dawati la uchumi, na nimemwomba mhariri ampe mwandishi anayejua kusoma hesabu za kodi.