Mtoto Akiharisha, Usimwondoe Ziwani

Mtoto mchanga akianza kuharisha usiku, nyumba nzima huwa na la kusema. Bibi atasema mtoto amebemendwa. Jirani atasema ni meno ya plastiki. Mwingine atamwambia mama kuwa maziwa yake yameharibika, basi amwachishe ziwa mpaka tumbo litulie. Mama akiwa na hofu hufuata ushauri huo wa mwisho, kwa kuwa unaonekana mwepesi. Kumbe ni wa hatari sana. Mwezi huu tutaeleza kwa nini, na ushahidi wetu unatoka mahali ambapo wasomaji wengi wa Mpendae hawapategemei: katika banda la nguruwe.

Msomaji asichukizwe. Hapa Unguja wafugaji wa nguruwe ni wachache, na majirani zetu wengi hawamgusi mnyama huyo. Wala hatumfananishi mama na mnyama. Lakini utumbo wa kitoto cha nguruwe unafanya kazi kwa namna inayokaribiana na utumbo wa mtoto wa binadamu, na wataalamu wamejifunza mengi humo.

Ugonjwa uliomaliza vitoto

Mwaka 1946 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, Doyle na Hutchings, walieleza ugonjwa wa kuharisha uliokuwa ukiteketeza vitoto vya nguruwe. Vitoto vya chini ya wiki 2 vilitapika, viliharisha maji matupu, na karibu vyote vilikufa kwa siku chache. Nguruwe wakubwa waliugua kidogo na kupona. Baadaye ilijulikana kuwa kisababishi ni kirusi cha jamii ya korona. Mwaka 1978 watafiti wa Ubelgiji walitambua kirusi kingine cha jamii hiyo hiyo, chenye dalili zile zile. Hicho kiliingia Marekani mwaka 2013 na kuua mamilioni ya vitoto. Virusi hivi viwili havijulikani kuwaambukiza binadamu.

Vinauaje? Ndani ya utumbo mna vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza maji na chakula. Virusi huviharibu. Anachokunywa mgonjwa hupita moja kwa moja, na mwili hukauka. Kinachoua hasa ni kukaukiwa maji na chumvi.

Siri iliyomo katika maziwa

Ilionekana kwamba nguruwe jike aliyewahi kuugua na kupona, vitoto vyake vilisalimika. Kwa nini? Katika miaka ya 1970 Edward Bohl na Linda Saif, watafiti wa Ohio, Marekani, walichunguza swali hilo. Nguruwe jike aliyedungwa chanjo kwa sindano alikuwa na askari wengi wa mwili katika damu na katika dang'a, lakini maziwa yaliyofuata yalikuwa na kinga hafifu. Yule aliyeambukizwa tumboni, maziwa yake yalijaa askari wa aina nyingine, wanaostahimili tumboni na kukilinda kitoto.

Maelezo yake ni haya. Kirusi kinapoingia katika utumbo wa mama, chembechembe za kinga hukitambua. Kisha husafiri kwa njia ya damu mpaka kwenye chuchu, na huko hutengeneza askari wanaotoka na maziwa. Ni kama mama aonje kwanza hatari iliyomo nyumbani, kisha ampelekee mwanawe dawa yake. Kwa kazi zake, Profesa Saif alitunukiwa Tuzo ya Wolf ya kilimo mwaka 2015.

Watafiti waligundua jambo jingine la kukumbuka. Askari hawa hawaingii katika damu ya kitoto na kukaa. Wao hulinda wakiwa juu ya utumbo. Kitoto kinachonyonya mara kwa mara hulindwa mchana na usiku. Kikiondolewa ziwani, ulinzi nao huondoka.

Kwa binadamu njia hiyo ipo pia, kutoka utumbo wa mama mpaka ziwani. Basi mama anayemwachisha mtoto ziwa wakati wa kuharisha anawaondoa walinzi wakati mwizi yumo ndani.

Ugonjwa wa watoto wetu

Miongoni mwa virusi vinavyowaharisha sana watoto wachanga ni rotavirusi, vilivyotambuliwa kwa watoto mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenzake huko Melbourne, Australia. Ndugu zao wamo pia katika nguruwe. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 uliwakuta katika nguruwe wa wafugaji wadogo wa Afrika Mashariki, hata wasioonyesha ugonjwa.

Chanjo ya rotavirusi ilizinduliwa nchini Tanzania Desemba 2012. Watafiti waliofuatilia watoto waliolazwa Hospitali ya Mnazi Mmoja katika miaka 3 ya kwanza ya chanjo hiyo walikuta waliolazwa kwa rotavirusi wamepungua. Ni matone ya mdomoni. Mtoto huanza kupewa akiwa na wiki 6. Asicheleweshwe, na siku hiyo aendelee kunyonya kama kawaida.

La kufanya nyumbani

1. Endelea kunyonyesha, tena mara nyingi zaidi. Mtoto aliyeanza kula aendelee pia na chakula laini.

2. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti (ORS), ukifuata kipimo cha maji kilichoandikwa. Aliye chini ya miaka 2 apate robo hadi nusu kikombe kila akiharisha, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10 uanze tena.

3. Kama pakiti hakuna, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Chumvi ikizidi ni hatari.

4. Omba vidonge vya zinki katika kituo cha afya. Hutolewa kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma mapema.

5. Usimpe dawa ya kufunga tumbo, wala usikubali ang'olewe meno. "Meno ya plastiki" ni meno yake halisi ambayo hayajaota.

6. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kumsafisha mtoto na kabla ya kupika. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho kina virusi. Kitupwe chooni.

Mkimbize kituo cha afya ukiona macho au utosi umedidimia, analia bila machozi, ngozi ukiifinya hairudi upesi, amelegea, anashindwa kunyonya, anatapika kila kitu, au choo kina damu. Usingoje kupambazuke. Na njiani, kama bado anaweza, mnyonyeshe.

Akina baba na bibi, kazi yenu ipo. Yuleni mama ale na kunywa vya kutosha, mmpunguzie kazi, na mtu akija na ushauri wa kumwachisha mtoto ziwa, mumjibu nyinyi kabla mama hajaanza kuwa na wasiwasi.