Utamu Usiodhuru: Vitafunwa na Vinywaji kwa Wasiohimili Fruktosi

Msimu wa maembe unapofika katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, watoto hushinda chini ya miembe. Juu milimani, Mbinga, mgeni hukaribishwa kwa ndizi mbivu, kikombe cha togwa au chai yenye sukari ya kutosha. Katika mazingira hayo, mtoto anayekataa kila kitamu huonekana mkaidi. Wapo wachache, hata hivyo, ambao ukaidi huo ndio kinga yao.

Watu hao wana ugonjwa wa kurithi wa kutohimili fruktosi, sukari iliyomo katika matunda na asali. Sukari ya kawaida ya mezani, yaani sukrosi, nayo ni nusu glukosi na nusu fruktosi. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza nchini Uingereza mwaka 1956 na madaktari Chambers na Pratt. Barani Ulaya hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya watu 20,000 hivi. Chanzo chake ni upungufu wa kimeng'enya kiitwacho aldolasi B, ambacho hufanya kazi katika ini, figo na utumbo mwembamba. Kikikosekana, fruktosi huishia njiani ikiwa haijavunjwa, hurundikana ndani ya seli na kulizuia ini lisitoe glukosi. Ndiyo maana mgonjwa hunywa sukari, na sukari ya damu yake ikashuka.

Maziwa ya mama yana laktosi, ambayo haina fruktosi; kwa hiyo mtoto hunawiri hadi anapoanza kulikizwa. Uji uliotiwa sukari au tunda lililopondwa humletea kutapika, kutoka jasho, kulegea na wakati mwingine degedege. Akiendelea kulishwa, ini huvimba, macho huwa ya manjano, figo huharibika na ukuaji hudumaa. Wanaofikia utu uzima bila kutambuliwa huwa wamejifunza wenyewe kuchukia vitamu, na mara nyingi meno yao hayana hata tundu moja.

Hapa ndipo mhudumu wa zahanati anapohitaji umakini. Miongozo ya matibabu ya watoto huelekeza kwamba mtoto aliye katika hatari ya kushukiwa sukari apewe maji ya sukari: vijiko 4 vya chai katika kikombe cha mililita 200. Kwa watoto karibu wote, agizo hilo huokoa maisha. Kwa huyu mmoja, huongeza ugonjwa. Vivyo hivyo, chakula dawa cha utapiamlo na maziwa ya F-75 na F-100 vina sukari. Havipaswi kuachwa kwa wasiwasi tu. Lakini mtoto anayetapika na kulegea kila anapovitumia, huku ini likivimba, anastahili rufaa ya haraka. Mama aulizwe swali moja: mabadiliko yalianza lini, na siku hizo mtoto alianzishiwa chakula gani? Jaribio la kumpa sukari ili kuona kitakachotokea lisifanyike nyumbani wala zahanati, kwa kuwa linaweza kuua.

Mgonjwa aliyethibitishwa hanyimwi raha zote. Kuhusu vinywaji, maji safi, maziwa, mtindi usiotiwa sukari, na chai au kahawa ya Mbinga isiyo na sukari ni salama. Anayetaka utamu hutumia glukosi halisi ya unga, baada ya kusoma lebo na kuhakikisha haikuchanganywa na sukari wala ladha za matunda. Soda za sukari, juisi, maji ya miwa, madafu na asali havifai hata kidogo. Togwa huhitaji tahadhari: utamu wake mwingi ni maltosi, zao la wanga uliovunjwa na kimea, lakini kimea chenyewe huwa na sukrosi kidogo, na wauzaji wengine huongeza sukari. Kwa hiyo isinywewe kabla ya ushauri wa daktari au mtaalamu wa lishe.

Kuhusu vitafunwa, mayai ya kuchemsha, usipa wa kukaanga, chapati ya unga mweupe na maandazi yaliyotiwa glukosi badala ya sukari humfaa. Uji wa mchele wenye maziwa na glukosi unaweza kuwa karamu ya mtoto siku ya sikukuu. Viazi vitamu, mahindi mabichi ya kuchoma, muhogo mbichi, karoti na ndizi mbivu viepukwe. Hata ushauri uliozoeleka kuhusu nafaka hugeuka hapa: sembe iliyokobolewa ni salama kuliko dona, kwa kuwa kiini na pumba ndivyo vyenye sukrosi zaidi. Kwa kuwa matunda yamekatazwa, mgonjwa huhitaji vitamini C ya vidonge visivyo na sukari.

Hatari nyingine imo ndani ya chupa za dawa. Dawa nyingi za maji za watoto hutiwa sukrosi au sobitoli, ambayo mwilini hugeuka fruktosi. Chanjo ya matone ya rotavirusi nayo huwa na sukrosi, hivyo daktari aulizwe kwanza. Mtoto akiharisha, apewe ORS ya pakiti, ambayo ina gramu 13.5 za glukosi kwa lita, isiyoongezwa ladha. Mchanganyiko wa nyumbani wa sukari na chumvi usitumike. Sukari ya damu ikishuka, dripu ya glukosi ndiyo tiba.

Ugonjwa huu si uchawi wala kosa la mama. Kila mzazi hubeba nakala moja ya jeni yenye hitilafu bila kuugua, na katika kila mimba yao uwezekano wa mtoto kuugua ni 1 kati ya 4. Kwa hiyo wadogo wanaozaliwa baadaye wachunguzwe kabla ya kuonja sukari. Bibi, jirani na mwalimu nao waelezwe, maana kipande cha muwa kinachotolewa kwa upendo ndicho kinachoweza kumlaza mtoto wodini. Mgonjwa anayelindwa hivyo tangu utotoni anaweza kukua vizuri na kuishi maisha marefu.