Sheria Ikilegezwa, Waliokwisha Kufungwa Watendewe Nini?

Hatima ya watu waliohukumiwa kwa tendo ambalo baadaye sheria iliacha kulihesabu kuwa kosa imejadiliwa kwa mapana katika nchi zilizohalalisha bangi, hususan Kanada, Afrika Kusini na baadhi ya majimbo ya Marekani. Hata hivyo, kwa wakazi wa Milima ya Upare suala hilo lina sura iliyo karibu zaidi, nayo ni ya mirungi. Mwanga ni wilaya ya Upare wa Kaskazini ambayo mpaka wake na Kenya unapita katika Ziwa Jipe. Ng'ambo ya mpaka huo mirungi, ambayo huko huitwa miraa, ni zao la biashara linalotambuliwa na serikali, ilhali upande wa Tanzania ni dawa ya kulevya, na anayeilima, kuisafirisha au kuiuza anaweza kufungwa miaka mingi. Hivyo mkulima wa Igembe kule Meru ya Kenya na mwenzake wa kata ya Tae wilayani Same hufanya kazi ileile ya shamba, lakini mmoja huhesabiwa kuwa mzalishaji na mwingine mhalifu.

Mirungi ni mti ambao vichipukizi na maganda laini ya matawi yake machanga hutafunwa ili kuondoa usingizi na kuchangamsha mwili, kwa nguvu ya kemikali iitwayo kathinoni. Kwa kuwa kemikali hiyo hupungua nguvu siku mbili hivi baada ya jani kuchumwa, wavunaji hufunga vitawi katika vifurushi, huvizungushia majani ya mgomba ili visikauke, na kuvisafirisha kwa haraka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unadhibiti kathinoni yenyewe, lakini mti wa mirungi haumo katika orodha za kimataifa za vitu vinavyodhibitiwa, na mwaka 2006 kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani ilikataa kupendekeza kwamba uingizwe. Kwa sababu hiyo kila nchi imeachiwa kuamua yenyewe, na maamuzi hayo yamefuata historia na siasa za kila mahali kama yalivyofuata hoja za afya.

Nchini Kenya, serikali ya kikoloni ilijaribu kupiga marufuku na kudhibiti miraa kati ya miaka ya 1940 na ya 1950, ikiwatazama Wameru kama watu wenye mila ya kuitafuna, huku matumizi ya watu wengine, hasa wa wilaya za kaskazini, yakionwa kuwa tatizo la utawala. Mwaka 2016 miraa iliingizwa rasmi katika orodha ya mazao yanayosimamiwa chini ya Sheria ya Mazao ya mwaka 2013. Mabishano hayakuishia hapo, kwa maana Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza kupiga marufuku muguka, aina ya miraa inayolimwa Embu, na serikali kuu ikapinga hatua hiyo. Tanzania ilikwenda njia nyingine: sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1995 ilifuatiwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ambayo marekebisho ya mwaka 2017 yaliiongezea makali, hata kosa la kusafirisha mirungi au bangi likaweza kuleta kifungo cha miaka 30, au cha maisha, kwa kutegemea uzito uliokamatwa. Chini ya sheria hiyo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imefanya operesheni za kung'oa mirungi katika vijiji vya Tae, huku wakulima wakihimizwa kugeukia mazao mengine.

Kwamba sheria za namna hii zinaweza kutikisika ghafla kumeonekana Uganda. Tarehe 5 Mei 2023 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, ikiamua shauri lililofunguliwa na chama cha wakulima na wafanyabiashara wa miraa wa Wakiso, ilibatilisha sheria nzima ya dawa za kulevya kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi, yaani bila idadi ya wabunge inayotakiwa. Ingawa Bunge lilipitisha sheria nyingine mwaka huohuo, hukumu hiyo iliibua swali la msingi: ikiwa sheria iliyomtia mtu gerezani haikuwa halali, au haipo tena, ni nini kinachoendelea kumweka humo?

Kwa Tanzania, jibu linaanzia katika Katiba. Ibara ya 13(6)(c) inakataza mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho alipokitenda hakikuwa kosa, na inakataza pia kumpa adhabu kubwa kuliko ile iliyokuwapo wakati huo. Kanuni hiyo humlinda raia dhidi ya sheria inayokaza kamba baada ya tendo, lakini iko kimya kuhusu sheria inayolegeza. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976, unakwenda mbele hatua moja, kwa kuwa ibara yake ya 15 inasema kwamba adhabu ikipunguzwa baada ya kosa kutendwa, mkosaji anufaike. Kwa upande mwingine, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inaweka kanuni ya jumla kwamba kufutwa kwa sheria hakuondoi adhabu zilizokwisha tolewa chini yake, isipokuwa nia tofauti ionekane. Maana yake ni kwamba hata mirungi ikihalalishwa kesho, aliyefungwa jana hatatoka kwa sababu hiyo peke yake. Njia iliyobaki ni msamaha wa Rais chini ya ibara ya 45, lakini misamaha inayotolewa katika sikukuu za kitaifa mara nyingi huwaacha nje waliohukumiwa kwa makosa ya dawa za kulevya.

Nchi zilizokwisha likabili jambo hili zimetumia njia tatu, ambazo hazilingani kwa uzito. Ya kwanza ni msamaha, ambao huondoa adhabu au madhara yake bila kukana kwamba hukumu ilikuwapo; hivyo ndivyo alivyofanya Rais Joe Biden tarehe 6 Oktoba 2022 kwa waliohukumiwa na mahakama za shirikisho kwa kumiliki bangi tu, ingawa wakati huo hakukuwa na mtu aliyekuwa katika gereza la shirikisho kwa kosa hilo pekee. Ya pili ni kuipitia upya adhabu, kama California ilivyoruhusu kuanzia mwaka 2016. Ya tatu ni kufuta rekodi ya jinai, njia iliyofuatwa na jimbo la Illinois, ambako bangi ilihalalishwa kuanzia Januari 2020. Afrika Kusini nayo, baada ya Mahakama ya Katiba kuamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima anaweza kutumia bangi faraghani, ilitunga sheria iliyosainiwa Mei 2024, na ndani yake ikaweka utaratibu wa kufuta rekodi. Njia hii ya mwisho ina faida kubwa kwa aliyekwisha kumaliza kifungo, kwa kuwa rekodi humfuata kila anapoombwa hati ya polisi ya tabia njema.

Madai ya kurekebisha hukumu za zamani yamepata nguvu zaidi Marekani kwa sababu adhabu hazikugawanyika sawa. Utafiti wa shirika la ACLU uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba Mmarekani mweusi alikuwa na uwezekano wa kukamatwa kwa kumiliki bangi mara 3.73 zaidi ya mweupe, ingawa viwango vya matumizi vilikaribiana. Katika kokeini tofauti iliandikwa ndani ya sheria yenyewe: sheria ya mwaka 1986 ililinganisha gramu 5 za kokeini ya vipande, ambayo waliofungwa kwa ajili yake walikuwa kwa wingi weusi, na gramu 500 za kokeini ya unga. Uwiano huo wa 1 kwa 100 ulipunguzwa mwaka 2010 hadi 1 kwa 18, lakini wengi waliohukumiwa kabla ya hapo walisubiri hadi sheria ya mwaka 2018 ndipo wakaruhusiwa kuomba adhabu zao zipitiwe upya. Kwa miaka minane, wafungwa wa kosa moja walitumikia vifungo tofauti kwa sababu ya tarehe ya hukumu tu. Uingereza, iliyopiga marufuku mirungi tarehe 24 Juni 2014 kinyume cha ushauri wa baraza lake la wataalamu, ilitunga katazo ambalo mzigo wake uliwaangukia hasa Wasomali, Wayemeni na Waethiopia, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakiitumia.

Upareni tofauti si ya rangi ya ngozi; ni ya mahali na ya uwezo. Mirungi huota katika maeneo machache ya milimani, kwa hiyo operesheni huwapata wakazi wa maeneo hayo kabla ya watumiaji wa mijini. Aidha, sheria inayopima kosa kwa kilo humwelemea aliyekutwa na mzigo, ambaye huenda ni dereva wa bodaboda au kibarua aliyelipwa ujira wa safari moja, kuliko mwenye fedha ambaye hakugusa hata kifurushi.

Wapo wanaosema kwamba aliyevunja sheria akijua hana cha kudai, kwa sababu utii wa sheria haungojei sheria impendeze mtu. Hoja hiyo ina uzito, na inatosha kueleza kwa nini mtu alihukumiwa, wala haistahili kupuuzwa pale kosa lilipoambatana na silaha, rushwa au kuwatumia watoto. Lakini haielezi kwa nini aendelee kufungwa, kwani kila siku ya kifungo ni tendo la dola la siku hiyo, nalo linahitaji sababu iliyo hai siku hiyo. Dola iliyokwisha kutangaza kwamba tendo halina madhara ya kustahili jela haiwezi kuitegemea sababu iliyokwisha kuikana yenyewe.

Tanzania haijahalalisha mirungi wala bangi, na inaweza isifanye hivyo kamwe. Hata hivyo, sheria ya dawa za kulevya imebadilishwa zaidi ya mara moja na itabadilishwa tena, iwe kwa viwango vya uzito, adhabu au dhamana. Kila muswada wa namna hiyo ungepaswa kuwa na kifungu kinachosema wazi wafungwa wa zamani watafanyiwa nini, ni mahakama ipi itapitia adhabu zao, na rekodi zipi zitafutwa bila mhusika kulazimika kuajiri wakili. Kifungu hicho kikikosekana, nafuu itawafikia watakaokamatwa baadaye tu, na waliotangulia watabaki wakitumikia adhabu ambayo Bunge lenyewe limekwisha kuiona kuwa kubwa mno.