Mfuko wa Chama ni Wanachama Wake

Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo huo shirika lake la misaada, USAID, likaacha kuiendesha kazi hiyo. Amri iliyotiwa sahihi ng'ambo ilitosha kusimamisha miradi mingi katika Afrika. Twauliza: chama cha wananchi wa Igurwa, huko Karagwe, kikiwa na mfadhili mmoja tu, siku mfadhili huyo akifumba mkono wake kitabaki nini? Watabaki wagonjwa, yatima na wakulima wale wale, mbele ya mlango uliofungwa.

Wapo wasemao kwamba chama kisichogawa faida hakiruhusiwi kujitafutia fedha. Wanakosea. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayaruhusu mashirika hayo kutafuta fedha kwa njia za halali. Lisilofaa ni viongozi kugawana ziada. Ziada ikirudi katika kazi ya chama si dhambi. Ndiyo uhai wake.

Karagwe na Kyerwa ni nchi ya kahawa, migomba na maharagwe. Chama chaweza kuotesha miche ya kahawa na kuwauzia wakulima. Chaweza kujenga ghala na kuwahifadhia wanachama maharagwe yao kwa malipo madogo, mpaka bei ipande. Lakini kianze na ada. Mwanachama aliyetoa shilingi yake huuliza imekwenda wapi. Fedha ya mgeni aghalabu haina mwenye kuiuliza kijijini. Kwa hiyo hesabu zisomwe mbele ya mkutano, na mtaji wa mradi usichanganywe na matumizi ya ofisi. Mtaji ukiliwa, mradi umekufa.

Jambo hili si geni kwetu. TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilijengwa kwa kiingilio na ada za watu maskini. Mwaka 1955 wananchi walichanga ili Mwalimu Nyerere aende New York, kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Chama ambacho kingekuwa kikilishwa na mtawala kisingethubutu kumdai uhuru.

Hatusemi misaada ikataliwe. Twasema ije kama mbolea katika shamba lililokwisha kulimwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nasi hatukuviunda vyama vyetu ili vife.