Penang Nilivyoiacha na Nilivyoikuta

Watu huniuliza: katika bandari zote ulizotia mguu siku za ubaharia, ni ipi uliyotamani kuiona tena? Jibu langu ni moja tu, nayo ni Penang, kisiwa cha Malaysia. Nilifika huko mara ya kwanza mwaka 1988, na mwaka 2024 Mwenyezi Mungu akanijaalia kurudi.

Mtu wa pwani yetu hawi mgeni sana Penang. Wali hupikwa kwa tui, na nazi hukunwa kwa mbuzi ya kukalia kama zetu. Madhehebu yao ni ya Imam Shafi. Wazee huenda msikitini kwa saruni na kofia. Ukikutana na mtu atakuuliza "apa khabar", na kwa hilo huhitaji mkalimani. Na kile chakula chao mashuhuri, nasi kandar, kilipata jina kutokana na mti wa begani waliochukulia wachuuzi Waislamu wa Kihindi, wali upande huu na mchuzi upande wa pili, kama mzegazega. Wali ule, ukimiminiwa michuzi mitatu minne ikachanganyika, mimi sijaona wa kuushinda. Wapishi wa biriani wa Mombasa wanisamehe.

Lakini nilikopendelea zaidi ni mtaa wa Lebuh Acheh, katika mji wa George Town. Hapo pana msikiti wenye mnara wa pembe nane, uliojengwa mwaka 1808 na Tengku Syed Hussain, tajiri wa asili ya Kiarabu kutoka Acheh, ambaye pia aliacha ardhi ya wakfu. Enzi za meli, mahujaji walikusanyika mtaani humo kungojea safari, hata watu wakauita Jedda ya pili. Nilipofika mimi, ndege zilikuwa zimekwisha kuizima biashara hiyo, lakini watu walikuwapo. Jioni watoto walitoka chuoni wakipiga kelele, na akina mama walizungumza dirisha kwa dirisha. Mzee mmoja muuza vitabu alinikaribisha kahawa, akaniuliza kama huko kwetu Afrika husikika adhana. Nilipomwambia habari za misikiti ya Lamu, aliita jirani zake waje wasikilize.

Safari hii nilivuka kwa feri mpya. Zile kubwa zilizobeba magari ziliondolewa mwishoni mwa 2020. Za sasa huchukua watu, baiskeli na pikipiki, na magari hupita juu ya madaraja mawili, la kwanza la mwaka 1985 na la pili la 2014. Mtu wa Likoni atafahamu kwa nini niliyatazama kwa wivu.

Mtaa niliukuta safi, kuta zina rangi mpya. Ila ulikuwa kimya. Mlango wa yule mzee ulifungwa kwa kufuli. Jirani akaniambia amefariki, na wanawe walihamia upande wa Bayan Lepas zamani.

Chanzo, msomaji, ni kodi. Palikuwa na sheria iliyozuia kupandishwa kodi za nyumba zilizojengwa kabla ya 1948. Haikuwa sheria isiyo na ila, kwani wenye nyumba walipata kidogo mno na mapaa yakavuja. Ilipokoma, mwanzoni mwa 2000, kodi ziliruka na wapangaji wakatawanyika. Mwaka 2008 UNESCO ikauingiza mji katika orodha ya urithi wa dunia, bei zikazidi, na nyumba nyingi za George Town zikageuka hoteli na mikahawa. Mawe yamehifadhiwa vizuri kuliko waliokaa ndani yake. Sikuweza kuacha kuifikiria Lamu, iliyoingia orodha hiyo hiyo mwaka 2001, na majumba yake yaliyokwisha kununuliwa na wageni.

Magharibi niliswali katika msikiti ule. Kando yangu alikaa kijana, nami nikamuuliza anaishi wapi.

"Mbali, mzee," akajibu. "Babu yangu ndiye aliyekaa hapa, nyumba ya tatu. Mimi kwa pikipiki ni nusu saa, na mvua ikinyesha ni zaidi."

Nje mvua ilikuwa imeanza. Akavaa helmeti yake, akatoa salamu, akaenda.